Akirudi Mzima ni Kodi

Uvumi ulimkuta Tatia ameinama, anapanga viatu vya wake za madiwani kando ya ukuta wa hamamu, na tangu siku ile haukumtoka. Alijaribu kuufukuza kwa kazi. Alikunja nguo, akazikunjua, akazikunja tena, akapangusa sakafu mahali palipokuwa pakavu. Wapi! Ulibaki pale pale nyuma ya masikio, kama mtu anayekuita jina lako kwa sauti ya chini sokoni, ukigeuka humwoni.

Kazi yake ilikuwa kulinda nguo za wanawake wanapooga. Wenye nguo walizungumza mbele yake kama wanavyozungumza mbele ya msumari wa kutundikia.

"Nakwambia, shoga, Kaisari amechoka," alisema Glikera, mke wa diwani wa nafaka, akimtupia Tatia shali bila kumtazama. "Kule Roma wanawake wameshuka uwanjani wakapigana kama wanyama. Basi wachekeshaji wakapata la kusema. Wakaanza kututaja na sisi, wake za watu wenye heshima zao, eti mke wa fulani naye angependeza na ngao. Kaisari kakasirika, kapiga marufuku. Mwanamke asipigane tena, popote pale."

"Popote? Hata huku kwetu?"

"Hata huku. Barua iko njiani kwenda kwa liwali, Efeso. Mume wangu kaambiwa na nahodha wa meli ya ngano. Lakini jifanyeni hamjasikia. Mnajua mji wetu unavyotazamwa. We! Shali yangu inaburuta maji!"

"Nisamehe, bibi," alisema Tatia.

Aliiokota ile shali, ikamponyoka, akaiokota tena. Hakuna kati yao aliyekumbuka, au aliyejali kukumbuka, kwamba huyu anayeinama miguuni pao ndiye mama yake Nyigu, yule msichana wa upanga mfupi waliyempigia kelele kwenye michezo ya masika mpaka sauti zikawakauka. Jina la nyumbani ni Melitine. Hilo la Nyigu alipewa na Karpo, mwenye kambi. Aliingia kambini kwa kiapo, kama wanavyoingia watu waliozaliwa huru: nakubali kuchomwa, kufungwa, kupigwa na kuuawa kwa chuma, mpaka muda wangu uishe. Fedha za kiapo zilimtoa baba yake kifungoni.

*

Papias alikuwa amekaa mlangoni, mguu wake mbovu ameunyoosha kwenye kizingiti, na kila anayeingia au kutoka ilibidi auruke. Zamani alikuwa na nyumbu na mikokoteni. Makaisari wawili walipogombea kiti, jeshi la yule aliyeshindwa lilipita likachukua nyumbu wote bila kulipa. Likaja jeshi la aliyeshinda, likamfunga Papias na kumvunja mguu kwa kosa la kuwatoa nyumbu. Mji mzima uliadhibiwa hivyo hivyo, kila nyumba kwa namna yake. Sasa kwenye uwanja wa soko sanamu ya Kaisari ilikuwa na mwili wa yule wa zamani na kichwa cha huyu wa sasa, na shingo haikukaa sawa.

Tatia alimweleza mumewe yote, kwa kunong'ona, ingawa hapakuwa na mtu.

"Kaisari yupi amesema?" aliuliza Papias.

"Huyu aliyepo."

"Aliyepo leo."

"Papias, mwanao atarudi nyumbani! Husikii ninachokwambia?"

"Nasikia. Funga mdomo. Mimi niliwaambia askari neno moja tu, 'karibuni.' Mtu akigonga mlango unamwambiaje? Karibuni. Na mguu ndio huu."

"Hii ni habari njema, si kama ile."

"Njema kwa nani?"

"Kwa nani? Kwetu!"

"Basi ikifika itatukuta hapa hapa. Mimi siendi kokote." Akageuza uso akatazama barabara. Jina la Melitine halikuwa limetoka kinywani mwake tangu siku ya kiapo. Aliona haya kulitaja, kama mtu anayeona haya kuomba chumvi kwa jirani ambaye bado hajamrudishia kikombe.

*

Kambi ya Karpo ilikuwa nyuma ya matanuri ya vigae. Jamaa za wapiganaji waliruhusiwa kuja getini saa ya chakula, wakaongea kupitia vyuma. Melitine alikuja anatembea kwa kuyumba kama baharia, mabega yamejaa, mashavu yamejaa, nywele zimekatwa mpaka masikioni.

"Mama! Umeleta nini? Usiniambie dengu."

"Jibini na zeituni."

"Elpida, njoo! Mama kaleta chakula cha binadamu!"

Elpida alikuwa mtumwa kutoka milima ya Frigia, aliyeuzwa na waliomwokota akiwa mchanga. Hakuwa na mtu wa kumletea kitu getini, kwa hiyo alikuwa amejipa mwenyewe nusu ya Tatia. Alipenyeza mkono kwenye vyuma akachukua zeituni tatu kwa mpigo.

"Shikamoo, mama yetu. Tuangalie tulivyonona. Shayiri asubuhi, maharage mchana, shayiri tena. Nguruwe wa sadaka wanatuonea wivu. Karpo anasema eti mafuta yanazuia chuma kisifike ndani."

"Chuma chenyewe hakikati hata jibini hii," alisema Melitine.

Na ni kweli. Katika mji ule wanawake walipigana kwa chuma butu. Melitine na Elpida walipangwa pamoja kila mara, nao walikuwa wamelifanyia mazoezi pambano lao kama watu wanavyofanyia ngoma: hapa unaruka, hapa nakupiga ngaoni, hapa unaanguka goti moja watu washike vichwa. Mwishoni walisimama wote wawili, wakaweka ngao chini, na watu wakapunga vitambaa ili waachiliwe. Walitoka wamesimama, hakuna mshindi, hakuna aliyeshindwa.

"Karpo ndiye hafurahi," Elpida aliendelea, mdomo umejaa. "Kuhani mkuu anatukodi kwake, si ndiyo? Mkataba unasema mpiganaji akirudi mzima, ni kodi. Vijisenti vya mkate na mchuzi. Akifa, au akikatwa asifae tena, hiyo si kodi, ni mauzo, kuhani analipa bei nzima. Sasa sisi tukitoka uwanjani tunacheka, ungemwona! Anapiga makofi kwa vidole viwili."

Wakacheka wote watatu. Hata Tatia alicheka, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akasogea karibu na vyuma akawaambia alichosikia hamamuni.

Melitine aliacha kutafuna. "Nani mwingine anajua?"

"Baba yako. Na hao wenye kusema."

"Karpo akisikia ataniuza mbali kabla barua haijafika, mahali ambako hawasomi barua. Mama, usimwambie mtu. Muda wangu umebaki kidogo. Niache niumalize na chuma changu butu, nirudi."

"Mimi nimwambie nani?"

"Wewe? Wewe ukinyamaza sana unaumwa kichwa. Niapie."

Tatia alishika mkono wa bintiye kupitia vyuma, akatazama kijisanamu cha Nemesi kwenye tundu la ukuta, yule mungu ambaye wapiganaji wote humwekea mafuta, akaapa.

"Mimi watanipeleka jikoni tu," alisema Elpida, akitafuta zeituni ya mwisho kwenye kikapu. "Huko ukikata kitunguu vizuri hakuna anayekupigia kelele."

*

Alijitahidi kunyamaza, tusimwonee. Lakini kila alipotazama mji wake aliona watu wakikimbilia kumtii Kaisari kabla hajasema. Madiwani walifuta majina ya marafiki wa yule aliyeshindwa kwenye mawe kabla ya mtu kuwaagiza. Wake zao walisuka nywele kama za mke wa Kaisari mpya kwa kuiga picha yake kwenye sarafu, maana hawakuwa wamemwona. Diwani mmoja alimwachisha shule mwanawe kwa sababu mwalimu alikuwa na jina lisilopendeza siku hizo. Na wa kwanza katika mbio hizo zote alikuwa Zenodoto, kuhani mkuu wa Kaisari, ambaye ndiye alikuwa anaandaa michezo ya ushindi baada ya zabibu kuiva, kwa fedha zake, ili isahaulike kwamba yule aliyeshindwa aliwahi kulala nyumbani kwake.

Ndipo Tatia akapata wazo. Zenodoto akijua Kaisari hataki wanawake uwanjani, si atawaondoa mara moja? Si atataka aonekane wa kwanza kutii katika Asia yote? Wakiondolewa kwenye michezo, Karpo hana la kufanya nao, na Melitine anarudi nyumbani kabla ya zabibu. Aliligeuza wazo hilo kushoto na kulia, akaliona halina tundu. Kiapo? Kiapo kilikuwa juu ya Karpo, alijiambia. Melitine mwenyewe si alimtaja Karpo tu?

Alifua gauni lake la pekee, akalivaa likiwa bado na unyevu mabegani, akaenda kwenye mlango wa nyuma wa nyumba ya Zenodoto. Alikuwa amewahi kufika pale mara moja, Papias alipofungwa. Siku hiyo alisimama juani karibu na mbwa mpaka jioni, na hakuna aliyetoka.

Safari hii alimwambia mlinzi, "Nina habari ya Kaisari." Mlinzi akaingia ndani anakimbia.

Alitoka Trofimo, msimamizi wa nyumba, mtu mwenye kucha safi, ambaye mlangoni pa hamamu hupita mbele ya Tatia kama anapita mbele ya ndoo.

"Mama, karibu ndani. Mleteeni kiti. Si hicho, chenye mto. Utakunywa nini?"

Tatia alikaa ukingoni mwa mto, asiuloweshe. Aliletewa divai yenye asali na tini zilizopangwa kwenye sahani. Hakujua kama anapaswa kula kwanza au kusema kwanza, akafanya yote mawili. Trofimo alisikiliza ameinamisha kichwa, anaitikia kwa heshima. Barua imetoka lini? Nahodha anaitwa nani? Bibi Glikera alisema kabla ya zabibu au baada? Liwali akipokea, husoma siku hiyo hiyo au hungoja? Tatia alijibu yote. Na asilolijua alilikisia, kwa sababu maishani mwake hakuwa ameulizwa maswali mengi hivyo na mtu anayengoja jibu.

"Na Karpo je, anajua?"

"Hajui, bwana. Nimekuja kwenu kwanza."

"Umefanya la maana sana, mama."

"Kwa hiyo mtawaondoa wanawake? Ili kumpendeza Kaisari?"

"Kuhani mkuu siku zote humpendeza Kaisari," alisema Trofimo. Akamshika kiwiko, akamtoa kwa mlango wa mbele. Mlango wa mbele! Tatia alirudi nyumbani anatembea katikati ya barabara.

*

Kesho yake alfajiri, alipokwenda kufungua hamamu, alimkuta fundi juu ya ngazi, na kopo la rangi nyekundu, anaandika matangazo ukutani.

"Unaandika nini, fundi?"

"Michezo, mama. Imesogezwa mbele. Ilikuwa baada ya zabibu, sasa ni keshokutwa. Nimeamshwa usingizini, hata kunywa uji sijanywa."

Tatia alihisi moyo wake umechanua. "Na wanawake wameondolewa?"

"Kuondolewa?" Fundi alicheka. "Ndio walioandikwa juu kabisa. Ona, nimewatumia rangi nzuri. Hapa, 'Nyigu na Elpida.' Hapa, 'kwa chuma kikali.' Ruhusa ya chuma kikali walikuwa nayo tayari kwa ajili ya wanaume, sasa wameipeleka kwa hawa. Na hapa nitaweka 'hakuna kuachiliwa.' Halafu chini, 'mara ya mwisho kuonekana duniani.' Msimamizi kasema hilo liwe kubwa kuliko yote. Mwisho wa nini, hakuniambia. Mama, usiegemee ukuta, rangi mbichi hiyo! Mama?"

*

Geti la Karpo lilikuwa limefungwa, na saa ya chakula haikuwa imefika. Tatia alilipiga kwa viganja vyake vyekundu mpaka Karpo mwenyewe akatoka, ana kipande cha mkate mkononi. Hakuwa mtu wa sura mbaya. Alionekana kama muuza mbao aliyekosa usingizi.

"Nataka kumwona mwanangu."

"Hawaonwi. Nimewatenganisha vyumba. Wanalia, na mimi siwezi kusikiliza kilio huku napanga kazi."

"Bwana Karpo, mwanangu alikula kiapo cha chuma butu!"

"Alikula kiapo cha chuma. Hakuna aliyesema butu." Aliumega mkate, akautazama, hakuula. "Sikiliza, mama. Jana jioni Trofimo kaja na mkataba mpya, ndiyo mara ya kwanza nasikia kuna barua. Yeye anataka kitu ambacho hakuna mji utakaoweza kukionyesha tena, ili Kaisari asikie jina la bwana wake. Mimi je? Barua ikisomwa, wale wanawake wangu ni nini? Ni midomo. Nitalisha shayiri watu wasioniingizia kitu. Mmoja akifa keshokutwa, nimeuza mmoja. Wakirudi wote wawili, nimepata kodi ya siku moja na hasara mbili. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Mimi ni mama yake!"

"Na mimi nina watoto." Alisema bila hasira. "Huyo aliyepeleka habari kwa Zenodoto ameniokoa, sijui hata nimshukuruje. Angechelewa kidogo tu ningeamka na kambi nzima ya mizigo. Trofimo anasema ni mtu wa hamamuni." Akaitazama mikono ya Tatia, kisha gauni lake. "Wewe, mama, kazi yako ni wapi?"

"Nauza zeituni," alisema Tatia.

*

Wanawake walikaa juu kabisa, nyuma ya watumwa, kwenye jua. Papias alikuja pia. Alijikokota kwa mkongojo kutoka nyumbani, lakini ngazi zilimshinda, akabaki chini kwenye njia ya kuingilia, kati ya migongo ya watu, asione kitu, asikie tu.

Zenodoto alisimama na taji lake lenye vichwa vidogo vya Makaisari, akasema maneno marefu juu ya ushindi. Askari wa liwali waliokuwa wageni walipewa viti vya mbele. Wanyama waliuawa, wanaume wakapigana, kisha tarumbeta ikalia na wasichana wawili wakaingia, vichwa wazi, kama ilivyo desturi, ili watu waone ni wanawake.

"Nyi-gu! Nyi-gu!"

Walipigana pambano lao. Tatia alilijua lote, kila kipande. Hapa unaruka. Hapa nakupiga ngaoni. Tofauti ilikuwa ile sauti, maana chuma kikali hulia vingine, na kwamba Elpida alipopiga goti, begani palitoka mstari mwekundu ambao haukuwa kwenye mazoezi. Watu walishika vichwa. Elpida akainuka. Wakazungukana mara moja zaidi, halafu wakafanya kama walivyofanya siku zote. Walisimama bega kwa bega mbele ya viti vya mbele, wakaweka ngao chini.

Vitambaa vilianza kupepea, hapa kimoja, pale kingine. Mwanamke aliyekaa karibu na Tatia naye alipunga chake.

"Waachiwe bwana, wamejitahidi," alisema. "Wasichana wazuri hawa."

Mpiga mbiu akapaza sauti. "Hakuna kuachiliwa!"

Wanaume wawili walitoka mlango wa chini na vyuma vilivyotolewa motoni. Askari wa mbele wakaanza kugonga miguu. Zenodoto hakutazama uwanjani, aliwatazama askari. Na yule mwanamke alishusha kitambaa chake taratibu, akapengea pua kwacho, akasema, "Ah, basi. Kama ndiyo sheria."

Chuma cha moto kilimgusa Melitine mgongoni. Tatia aliona mdomo wake ukifunguka. Wasichana waliokota ngao. Elpida alisema kitu, neno fupi, na hakuna aliyelisikia ila yule aliyeambiwa.

Safari hii hapakuwa na ngoma. Walivutana, wakaangushana, mchanga ukaruka. Kulikuwa na sauti ya mwanamke karibu na sikio la Tatia inayopiga kelele, "Mpige! Melitine, mpige! Mpige, mwanangu!" na watu wakageuka kumtazama mwenye sauti hiyo, na Tatia naye akageuka kumtazama, ndipo akagundua koo linalouma ni lake.

Upanga wa Melitine uliingia chini ya mkono, mahali ambapo ngao ya Elpida ilikuwa imefunguka. Kama ilifunguka au ilifunguliwa, kuna waliobishana hapo hapo wakila mbegu za matikiti. Elpida alikaa chini, kama mtu aliyechoka kutembea. Melitine alipiga magoti akamshika kichwa, akawa anamwambia kitu, anamwambia tu, mpaka wale wa vyuma walipomwinua.

Chini kwenye njia, Papias alimshika nguo mtu aliyekuwa anatoka. "Yupi? Ndugu yangu, yupi?"

"Yule wa Frigia," alisema mtu yule. "Niachie, wanagawa mkate."

*

Barua ilisomwa kabla mwezi haujaandama. Kaisari amekataza, na kadhalika na kadhalika, na baraza la mji likapiga makofi likaandika shukrani. Siku hiyo hiyo Karpo alifungua geti, akampa Melitine furushi lake la nguo, akamwambia, "Nenda. Sina sahani ya kukulishia."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Papias alivuta mguu wake kizingitini ampishe, akasema, "Melitine," basi. Msichana alipita akaketi pembeni, mgongo ukutani, na hakutaka kukaa mahali pengine ambapo asingeona mlango. Tatia aliweka mbele yake samaki wa chumvi, mkate wa ngano alioukopa kwa jirani, na tini. Hakugusa. Akaomba shayiri.

"Mama," alisema baadaye, "ulimwambia nani?"

Tatia alikuwa anakoroga chungu. Aliendelea kukoroga. "Sikumwambia mtu, mwanangu. Si niliapa?"

Papias alitazama sakafu.

"Basi ni Glikera," alisema Melitine. "Midomo ya matajiri." Na ikaonekana kama kitu kimelegea mabegani mwake, maana alikula shayiri yake yote, na alipomaliza akamruhusu mama yake amfungue bandeji ya mgongoni. Tatia alimpaka mafuta kwa vidole viwili, polepole, kuzunguka alama ya chuma. Alimsimulia jirani aliyezaa pacha. Alimsimulia bei ya samaki. Melitine alisema, "Elpida alizipenda zeituni zako," na akaanza kulia kwa sauti ndogo, na Tatia akamlaza kichwa pajani mwake, akawa anafikiri: itapita, itapita, ataota nywele, ataolewa na mtu wa mbali asiyejua.

Mlango uligongwa. Alikuwa mtumishi wa Zenodoto, amevaa safi, ana kikapu kilichofunikwa majani.

"Hapa ndipo kwa mama wa hamamuni? Kuhani mkuu amekutumia fungu la nyama ya michezo, nyama ya dubu, nzuri hasa. Anasema asante kwa ile habari uliyotuletea mapema. Bwana Trofimo naye anakusalimu sana. Anasema, kama si wewe tungechelewa."

Melitine aliinua kichwa. Alisimama, akakipokea kikapu kwa mikono miwili, kwa adabu, akamshukuru mtumishi na kumtakia njia njema. Kisha akakiweka kwenye paja la mama yake, pale pale kichwa chake kilipokuwa.

"Kula, mama."

Akachukua furushi lake la nguo, ambalo bado halikuwa limefunguliwa. Papias alikuwa mlangoni, mguu umeziba njia. Baba na binti walitazamana. Angeweza kuuacha pale. Akaukunja, kwa mikono yake miwili, kama mtu anayevuta mzigo, akampisha.

Wako wanaosema alionekana kwenye barabara ya Milasa, nyuma ya mikokoteni ya jeshi. Wengine wanasema amepanda Frigia kutafuta watu wa Elpida, na wao hawajulikani. Tatia huwauliza wanawake wageni wanapokuja kuoga, huku akipokea nguo zao, nao humjibu kama mtu anavyojibu msumari.

Mlio na mabinti, yaepukeni haya:

Kumwacha mtoto alipe deni la vita vya wakubwa, hata akijitolea mwenyewe, hata ikiwa ni muda mfupi.

Kupeleka habari kwa mtu mkubwa kabla hujajua yeye atapata nini kwayo.

Kukaa kwenye kiti cha nyumba ambayo jana haikukujua.

Kudhani kwamba mkubwa akiitii sheria ataitii kwa namna unayoitaka wewe.

Kuapa, kama unajijua hunyamazi.

Kushangilia amri inayosemwa ni ya kuwalinda watoto wako, kabla ya kuuliza wenye kuwamiliki watafanya nini siku zilizobaki.

Kukaa kwenye viti vya kutazama.

Kumdanganya mtoto siku aliyorudi. Mwambie hapo hapo. Atakutukana, huenda atakupiga, atavunja vyungu. Mwache avunje. Atakuwa bado yumo ndani.